Mtoto anakwenda chuo kusoma au kulima?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi hapa Muheza huniuliza swali lile lile kuhusu vyuo vidogo vyenye shamba: "Sasa huyu mtoto anakwenda kusoma au kulima?" Nawajibu kuwa anakwenda kufanya yote mawili, na faida iko pale yanapokutana. Mimi nimepitia chuo cha aina hiyo: ng'ombe wachache, banda la kuku, na nyuma ya madarasa shamba la muhogo na kitalu cha michungwa.

Chukua huo muhogo. Darasani tulisoma michirizi ya kahawia: ni ugonjwa wa virusi, huenezwa na nzi weupe na pingili zenye maambukizi, na ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, huko huko juu kwenye Usambara yetu. Yote hayo nilikuwa nayajua kwa ajili ya mtihani. Siku ya mavuno tukang'oa shina refu lililonawiri, majani ya chini tu yakiwa na umanjano kando ya mishipa. Tulipoukata muhogo kwa panga, ndani ulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, utaiona ukiwa barabarani, maana majani hujikunja. Huu wa michirizi hujificha ardhini mpaka umeshapoteza msimu. Tangu hapo sichukui mbegu kwa jirani kabla hatujachimba na kukata mihogo ya shina lile lile.

Kwa hiyo, kijana, daftari la darasani nenda nalo shambani. Andika tarehe, mvua iliyonyesha, ulichopanda, lita za maziwa ya asubuhi. Usichokielewa mpelekee mwalimu siku hiyo hiyo.

Kukamua alfajiri kutakuchosha, hasa mitihani ikigongana na palizi ya masika. Panga kubadilishana zamu na wenzako mapema, na usiruke kukagua maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Ukiona vibonge, huenda kiwele kimeanza kuugua. Chanjo ya kideri nayo ishike kwa mikono yako: ile ya matone ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Lipo jambo linaloniuma. Wengi wetu tulichukia jembe tangu shule ya msingi, kwa sababu shamba lilikuwa adhabu ya waliochelewa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yake. Adhabu haimfundishi mtu kupanda.

Mzazi, kabla hujalipa ada, nenda ukakitembelee chuo chenyewe. Uliza nani anapanga kinachopandwa, mapato ya mazao yanakwenda wapi, na kama mwalimu wa darasani naye huingia shambani. Omba uoneshwe kumbukumbu za shamba za msimu uliopita, zilizoandikwa na wanafunzi wenyewe. Kama hazipo, tafuta chuo kingine.