Sampuli ya saa nne asubuhi haitoshi

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafuga ngege kwenye vizimba huku Asembo. Nimesoma kwamba bakteria wa baharini wanaoishi kwa mwanga wa jua hutoa kemikali tofauti mchana na usiku. Je, ziwani kwetu pia ni hivyo? Nauliza kwa sababu mtu wetu wa sampuli huja saa nne asubuhi, na majibu ya maabara huwa mazuri hata wiki ambayo samaki wamekufa.

JIBU: Marahaba. Ulichosoma ni kweli. Katika bahari za joto zisizo na rutuba anaishi Prochlorococcus, mmoja wa sianobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua), mwenye upana wa takriban mikromita 0.6 tu. Mchana hutengeneza sukari kwa mwanga, na sehemu ya kaboni hiyo huvujia majini. Usiku huachilia purini na pirimidini, yaani malighafi ya DNA, ambazo bakteria jirani huzitumia kama chakula. Inapendeza sana kuona jinsi taka ya mmoja inavyopanga siku ya mwingine.

Tena si jua peke yake linaloongoza. Sianobakteria wengi wana saa ndani ya seli, inayoendeshwa na protini KaiA, KaiB na KaiC. Mwaka 2005 kundi la mwanasayansi Takao Kondo huko Nagoya, Japani, lilizichanganya protini hizo na ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ndani ya neli ya maabara, bila seli hai, na mzunguko wa saa 24 ukaendelea. Prochlorococcus hana KaiA, kwa hiyo hulitegemea zaidi jua la kila asubuhi.

Sasa tuje kwako. Ghuba ya Winam, hapo kwenu Ziwa Victoria, ina sianobakteria wake, hasa Microcystis na Dolichospermum, na kwa mfugaji kemikali za kuhofia kwanza ni zile za kawaida kabisa. Mchana wanafyonza kabonidioksidi na kutoa oksijeni, pH (kipimo cha asidi na alkali majini) inapanda, na pH ikipita 9 sehemu kubwa ya amonia iliyomo majini hugeuka kuwa ile inayoua samaki. Usiku mwanga haupo, lakini wao, samaki na matope ya chini wote wanapumua. Oksijeni inashuka mpaka karibu na macheo. Ifikapo saa nne, jua limeshairudisha. Ndiyo maana nashuku majibu yako mazuri: maabara haikukosea, ilipewa maji ya saa salama.

Pima oksijeni saa kumi na moja alfajiri, kwenye kina cha wavu na si juu pekee. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, usiwalishe asubuhi hiyo. Pima pH na amonia saa tisa alasiri.

Mikrosistini, sumu inayotengenezwa na sianobakteria kama Microcystis, ni jambo jingine. Nyingi hukaa ndani ya seli na kumwagika seli zinapokufa, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie dawa ya kuua mwani (ndivyo wengi wanavyowaita sianobakteria hawa) karibu na vizimba. Kuchemsha maji hakuiondoi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha muda cha mikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa ya kila siku. Mwambie mtu wa sampuli aombe kipimo cha jumla, cha seli pamoja na maji, na kwenye kila chupa aandike saa aliyoteka.