Kabla hujachoma bando, iulize kompyuta yenyewe

Vijana wa huku Wandegeya, Kampala, wakikwama kidogo tu kwenye Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta), haraka wanawasha hotspoti ya simu, wanaguglu, MB zinayeyuka, na jibu lenyewe limekaa kwenye kompyuta tangu siku walipoweka Ubuntu, aina mojawapo ya hiyo Linux. Mimi mara nyingi niko bila bando kwa hiyo nimezoea kuiuliza mashine kwanza.

Programu iko wapi? Fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika whereis na jina lake. Mfano whereis rsync (programu ya kunakili mafaili), inakuletea /usr/bin/rsync na kwenye mstari huohuo faili la mwongozo wake, lile lililoko /usr/share/man. Ile amri which yenyewe inapita kwenye PATH tu, yaani orodha ya folda ambamo mashine inatafuta amri. Mimi napenda zaidi type -a, maana unakuta mtu ana python3 mbili, moja ya mfumo iko /usr/bin, nyingine kaiweka mwenyewe /usr/local/bin, halafu anashangaa mbona toleo silo, sasa type -a python3 inazitaja zote kwa foleni na ya kwanza ndiyo inayoitika. Ukijaribu type cd utaambiwa ni shell builtin, yaani iko ndani ya bash, programu inayopokea amri unazoandika, hiyo soma kwa help cd.

Kwenye man, amri ya kusomea miongozo, ndiko watu wanakosa utamu. Miongozo imegawanywa kwa namba: 1 ni amri za kawaida, 5 ni mafaili ya mipangilio, 8 ni mambo ya msimamizi. Ndiyo maana man passwd inakueleza amri ya kubadilisha paswedi, lakini ukitaka kuelewa zile nukta mbilimbili ndani ya /etc/passwd zinatenganisha nini, andika man 5 passwd. Ukiwa ndani, bonyeza / uandike neno unalotafuta, n inakupeleka linapotokea tena, q unatoka (banange, wapo wanaofunga dirisha zima kwa kukosa hiyo q). Jina la amri limekutoka? man -k partition, inakuorodheshea zote zinazohusika. Ikijibu nothing appropriate na una uhakika kitu kipo, piga sudo mandb (sudo inaendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi) ijenge faharasa upya.

Halafu kuna /usr/share/doc, hapo karibu kila paketi (programu na mafaili yake vilivyofungwa pamoja) ina folda yake, nyingine zina mpaka mifano ya mipangilio, na mafaili ya .gz, yaliyobanwa, fungua kwa zless, hakuna haja ya kuyatoa kwanza. dpkg -L rsync inakuonyesha kila faili paketi ilichoweka, na dpkg -S /usr/bin/rsync inakwenda kinyume, unampa faili anakutajia paketi. locate, ya kutafuta mafaili kwa jina, nayo ina kasi ila inasoma orodha ya zamani, kitu ulichoweka sasa hivi hakionekani mpaka upige sudo updatedb.

Ila kwenye kontena za Ubuntu (zile Ubuntu ndogo zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa ndani ya mashine nyingine) miongozo mingi imeondolewa makusudi kupunguza uzito, man itakwambia yenyewe. Amri ya kuirudisha ni unminimize, na hiyo inadownload sana, subiri ufike kwenye waifai ya watu.