Kuvuja damu baada ya upasuaji wa vali ya moyo: maswali yenu

Shikamoo daktari. Mama ana miaka 71, figo zake hazifanyi kazi vizuri, na anabadilishwa vali ya moyo. Tumeambiwa yuko kwenye hatari ya kutokwa damu kuliko wengine. Kwa nini yeye?

Marahaba. Umri unachangia, ila mimi ningezitazama zaidi figo. Figo zikichoka, taka zinazobaki mwilini huzifanya chembe sahani zishindwe kushikana vizuri, na hizo ndizo za kwanza kuziba jeraha. Halafu kuna mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Ili damu isigande humo, mgonjwa hupewa heparini nyingi, kisha protamini ya kuizima. Humo damu huchanganyika na maji ya dripu ikawa nyepesi, na chembe sahani huharibika. Muda kwenye mashine ukirefuka, hatari nayo inapanda. Wengine wa kuangaliwa sana ni wenye mwili mdogo, wenye ugonjwa wa ini, wanaofunguliwa kifua mara ya pili na wanaopasuliwa kwa dharura. Upungufu wa damu nao umo, na huo mara nyingi unatibika kabla ya siku yenyewe. Ulizeni mapema kiwango cha damu ya mama.

Mkimwona ana mirija kifuani, wauguzi wanapima kila saa damu inayotoka humo. Ikizidi, anaweza kurudishwa chumba cha upasuaji. Msiogope kuuliza imefika kiasi gani.

Natumia klopidogreli, dawa ya kuzuia chembe sahani zisishikane. Niiache lini kabla ya upasuaji?

Kwa kawaida siku 5 kabla, lakini tarehe akupe daktari wako. Kama una stenti (kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo ukae wazi), usiiache kwa uamuzi wako hata siku moja.

Nina vali ya chuma na natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. INR yangu (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) hukaa 2.5, juzi ikasoma 5.1 na dozi sijabadilisha. Nilikuwa nimepewa antibiotiki ya metronidazoli, na mgongo ukiuma nameza diklofenaki.

Piga simu kliniki leo. Metronidazoli huchelewesha ini kuiondoa warfarini, hivyo dozi ileile inakuwa kali. Kotrimoksazoli na flukonazoli hufanya vivyo hivyo. Diklofenaki inaniogopesha zaidi: inachubua tumbo na kudhoofisha chembe sahani, na INR inaweza kusoma vizuri huku tumbo linavuja. Acha kuimeza. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni salama zaidi, ila ukiitumia siku kadhaa mfululizo, pima INR. Kila anayekuandikia dawa, wa meno pia, ajue unatumia warfarini.

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Nikate kidonge cha warfarini nusu?

Hapana. Kapime INR kwanza. Ukipunguza ovyo, damu inaweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Lakini choo kikiwa cheusi kama lami, au ukigonga kichwa, nenda hospitali hapo hapo hata kama unajisikia mzima.