Degedege la homa na vidonge vya vitamini

Mama, umeuliza kama vitamini C na E zitamzuia mwanao asipate tena degedege la homa. Kwa sasa hakuna ushahidi wa kutosha wa kumpa kwa lengo hilo.

Wazo lenyewe lina msingi. Ubongo hutumia oksijeni nyingi na una mafuta mengi yanayoharibika kwa urahisi, hivyo homa na degedege vinaweza kuzidisha radikali huru, zile chembe zinazoshambulia seli. Antioksidanti, kama vitamini C na E, huzituliza. Ila vipimo vya damu baada ya degedege havitoshi kuonyesha kipi kilitangulia: huenda radikali hizo ni matokeo tu, na homa peke yake huziongeza.

Hata dawa ya kushusha homa humpa mtoto nafuu, lakini haizuii degedege kurudi.

Likitokea, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni (kijiko hasa, tafadhali!), na uangalie saa. Likizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Degedege la kawaida la homa, kati ya miezi 6 na miaka 5, haliharibu ubongo.