Kabla hamjachangisha fedha za mshahara wa mwalimu

Kuchangia paa la darasa ni kazi yenye mwisho. Watu wanatoa, mabati yanapigwa misumari, picha zinapigwa, kila mtu anakwenda zake. Mwalimu hana siku ya kukamilika. Mwezi ukiisha anasubiri mshahara, na mwezi unaofuata vilevile, hadi katikati ya mwaka ambapo waliopiga makofi siku ya mchango wameshasahau waliahidi nini. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha jamii kinacholipia walimu katika shule ya umma, na kamati changa zinazonijia kwa ushauri huanza karibu zote na swali moja: tuandae hafla ya namna gani? Huwa nawaomba waliweke kiporo.

Kwanza semeni nani atakuwa mwajiri. Nchini Kenya, bodi ya shule ndiyo huajiri walimu wa kuziba pengo pale ambapo Tume ya Huduma za Walimu haijaleta wa kutosha, na ndiyo maana wanaitwa walimu wa BOM (Board of Management, yaani bodi ya usimamizi wa shule). Marekani, mifuko ya elimu ya wazazi kwa kawaida huikabidhi fedha mamlaka ya elimu ya wilaya, nayo ndiyo huajiri. Madagascar, vyama vya wazazi vimeajiri vyenyewe walimu wengi sana wa shule za msingi za serikali, hata wakapewa jina la vyama hivyo, walimu wa FRAM. Ukiniuliza mimi, kikundi kisiwe mwajiri kama kuna njia nyingine. Siku mnapoajiri mnajitwika kodi, michango ya hifadhi ya jamii, likizo ya uzazi, na kesi ya kuachishwa kazi, na wanakamati wenyewe ni watu wanaokutana jioni baada ya shughuli zao.

Iacheni bodi au mamlaka iajiri, ninyi mlete fedha kwa makubaliano ya maandishi. Yataje nafasi inayolipiwa, muda wake, tarehe fedha zitakapoingia, nani atafidia zikipungua, na fedha zitafanywa nini mwalimu akiondoka kabla ya muda. Halafu ongezeni sentensi moja ambayo wengi huona haya kuiandika: mchangiaji hana kiti kwenye usaili. Mtu mwenye kutoa sana mara nyingi ana mpwa mwenye diploma. Huenda mpwa ni mwalimu mzuri kweli; basi na aombe kama wenzake.

Sasa hesabu. Mshahara unaotajwa mkutanini siyo gharama ya mwalimu. Juu yake kuna mchango wa mwajiri kwenye hifadhi ya jamii, bima pale inapotakiwa, mtu wa kushika kipindi mwalimu akiugua, na miezi ya likizo. Hiyo ya likizo ndiyo huzua ugomvi. Daima kutakuwa na mjumbe wa kuuliza kwa nini tumlipe mtu ambaye hafundishi, na jibu langu ni kwamba mwalimu asiyelipwa likizo hutafuta kazi wakati wa likizo, na akiipata harudi. Sisi kwa kila 100 ya mshahara hutafuta 125, na ziada huwa haikai sana.

Kuna kanuni moja nisiyoilegeza: mkataba wa mwaka hausainiwi mpaka fedha za mwaka ziwe benki. Ahadi hazihesabiki kama fedha. Mtu akishika kipaza sauti mbele ya majirani zake hutaja kiasi ambacho hata yeye kinamshtua akifika nyumbani, na simlaumu, ndivyo binadamu tulivyo. Katika makadirio yetu ahadi za mdomo tunazihesabu kwa nusu. Wajumbe wapya huona tunawadharau watu, hadi wafunge mwaka mmoja wakiwa nasi.

Kwa sababu hiyo sipendi kuitegemea hafla. Ukumbi, muziki, chakula na mapambo vinakula sehemu kubwa ya makusanyo, na wanaojitolea hutoka hapo wamechoka kiasi kwamba hakuna wa kufuatilia ahadi. Hafla inafaa kwa kuwapata wachangiaji. Kinacholipa mwalimu ni watu wengi wanaotoa kidogo kila mwezi, kwa maagizo ya kudumu benki au kwa simu, karibu na siku wanayopokea mishahara yao wenyewe. Waliosoma shuleni hapo zamani ni wazuri sana kwa hili, hasa walio mbali. Hawawezi kuja kufyeka uwanja, lakini wanaweza kutuma kiasi kilekile kila mwezi bila kukumbushwa, iwapo tu mtawaandikia kuwaeleza kinachoendelea.

Mfadhili mkubwa akitokea, mshukuruni, halafu wekeni fedha zake kwenye akiba au kwenye kazi ya mara moja kama maabara. Mshahara wa mwalimu usiwe mikononi mwa mtu mmoja. Siku biashara yake ikiyumba, au akigombana na mwenyekiti, darasa linabaki bila mwalimu katikati ya muhula. Sisi tumeweka kikomo: hakuna mtu anayebeba zaidi ya moja ya tano ya mshahara.

Mnapoomba, elezeni pengo. Somo gani halina mwalimu, kidato gani, watoto wangapi wanabanana kwa mwalimu mmoja, tangu lini. Shida za mwalimu mwenyewe msizitangaze ili kuamsha huruma. Yeye ni mtaalamu, na wazazi wa wanafunzi wake watausoma ujumbe huo kabla hajaingia darasani.

Na watoto waachwe kabisa nje ya jambo hili. Mchango wa hiari katika shule ya umma una tabia ya kugeuka ada bila mtu kutamka neno ada: orodha inabandikwa ukutani, kisha jina linasomwa mstarini, kisha mtoto anarudishwa nyumbani. Mahali pengi hilo ni kuvunja sheria, na hata pasipokatazwa ni ukatili. Orodha ya waliotoa na wasiotoa inakaa kwa mweka hazina. Mwalimu wa darasa haioni, na mwalimu mkuu pia haioni. Tumewahi kuombwa tuitoe, kwa upole na kwa sababu nzuri, tukakataa.

Kuhusu uwazi sitaongeza mengi, kamati nyingi zinajua: akaunti ya peke yake, watia saini zaidi ya mmoja, mshahara kupitia benki na siyo mkononi, mkaguzi asiye ndugu wa mjumbe, taarifa ya ukurasa mmoja kila muhula. Taarifa fupi inasomwa, ile ya kurasa kumi inatiliwa shaka.

Jambo ambalo kamati hazitaki kulisikia ni la shule jirani. California ni mfano mzuri. Mwaka 1971, katika kesi ya Serrano dhidi ya Priest, mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilikataa mfumo ulioziacha shule za maeneo tajiri zipate fedha nyingi kuliko za maskini. Mwaka 1978 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 13, lililobana kodi ya majengo na ardhi. Mifuko ya wazazi ikachipuka, na walikokuwa na uwezo wakajilipia walimu wa muziki, wa sanaa na wa maktaba. Sehemu ya utofauti ambao mahakama ilitaka kuuondoa ikarudi kupitia michango. Huko Portland, Oregon, kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba shule ikishavuka dola 10,000 za kwanza, theluthi ya kinachozidi inakwenda kwenye mfuko wa shule nyingine. Tukirudi California, wilaya ya elimu ya Santa Monica na Malibu iliamua mwaka 2011 kwamba fedha za watumishi zichangishwe kwa wilaya nzima, na wazazi wengi wa Malibu hawakufurahi.

Siwezi kuwaambia ni kanuni ipi inawafaa. Ninachoshauri ni kuamua mapema, kabla fedha hazijawa nyingi, kwa maana zikishaingia hakuna anayekubali kugawana. Sisi tulimpanga mwalimu wa sayansi afundishe siku kadhaa katika shule ya pili isiyo na kikundi cha kuichangia. Tulipoteza wachangiaji wachache. Wengine waliongeza.

Serikali nayo huzoea. Pengo likizibwa na wananchi, kwenye makaratasi halionekani. Chad na Madagascar zinaonyesha mambo yanavyokwenda hali hii ikifika kiwango cha nchi nzima: walimu wa jamii wakawa uti wa mgongo wa shule za msingi, wengi bila mafunzo ya kutosha, wakilipwa kidogo na kwa kuchelewa. Kwa hiyo kila muhula tunaiandikia mamlaka ya elimu kwamba nafasi hii bado iko wazi na kwamba anayeishika analipwa na wananchi kwa muda. Tunatunza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mwalimu naye anapewa barua ya utumishi kila mwaka, ili siku nafasi za kudumu zikitangazwa awe na ushahidi wa alichokifanya.

Ikitokea serikali ikaleta mwalimu wake, wa kwenu apewe notisi ya muhula mzima, na ilipwe kutoka kwenye akiba. Kitakachosalia si mali ya kamati. Waandikieni waliochangia, muwape hiari ya kurudishiwa au kuhamishia fedha kwenye somo lingine lenye pengo, na muwape tarehe ya mwisho ya kujibu. Asiyejibu, fedha zake zinafuata uamuzi wa mkutano mkuu, na uamuzi huo unaandikwa kwenye kumbukumbu kabla hata shilingi moja haijaguswa.