Dagaa wa Kibirizi na bakuli la Tokyo: maswali yenu kuhusu rameni

Sijui kimetokea nini huko mwisho wa reli, mwezi huu nimepata barua tatu zote zinauliza rameni, zile tambi za Kijapani zinazoliwa kwenye bakuli la supu, mbili za Kigoma na moja ya Tabora. Mi mwenyewe nimekulia Mwanga, Kigoma, na Tokyo nimekaa kidogo enzi za masomo, kwaiyo leo nimeona nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza ndo ndefu, vumilieni.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa Ujiji ila kazi zangu ziko Kibirizi, naanika dagaa kwenye chanja na kikundi cha mama yangu. Sasa mwezi ujao nasafiri kwenda Tokyo wiki sita, mafunzo ya kukausha na kufungasha samaki, ndege sijawahi kupanda, hata Dar nimefika mara mbili tu na zote kwa treni. Waliotangulia wananiambia chakula cha haraka kule ni rameni, unaingia kwenye kiduka kidogo watu wamekaa mstari, hakuna anayekuja kukuuliza unakula nini, na Kiingereza usitegemee. Naogopa kuaibika shangazi. Naingiaje, naagizaje, nalipa lini? Alafu mi Muislamu, hiyo rameni naruhusiwa? Na vile vijiti ukinipa saa hizi ntakufa njaa. — Mwana Ujiji*

Marahaba mwanangu, na hongera sana, kumbe dagaa wanaweza kumpandisha mtu ndege.

Naanza na lile la dini maana hilo ndo zito, mengine ni aibu tu na aibu inapita. Rameni nyingi zina nguruwe, na shida ni kwamba huwezi kumwona. Kuna ile inaitwa tonkotsu, asili yake upande wa Fukuoka, supu nyeupe kama maziwa, we unaweza kudhani ni nazi, kumbe ni mifupa ya nguruwe imechemka kwa masaa na masaa mpaka imetoa kila kitu. Hiyo angalau inajulikana. Inayodanganya watu ni ile ya shoyu, yaani soya sosi, supu ya rangi ya chai, utaambiwa hii ni ya kuku na kweli ni ya kuku, alafu juu wameweka vipande viwili vya nyama inaitwa chashu na chashu kwa kawaida ni nguruwe, saa nyingine mafuta yanayoelea nayo ni ya nguruwe, na ule mchuzi mzito wa kuungia uliokaa chini ya bakuli mara nyingi una pombe ya mchele. Kwaiyo usije ukasema "nitolee nyama" ukaona umemaliza. Shika neno moja, *buta*, maana yake nguruwe, ukilisikia au ukiambiwa limo, aga taratibu uondoke.

Usikate tamaa lakini. Tokyo kuna maduka ya rameni za halali, maeneo ya Asakusa na Shinjuku utayapata, wanatumia kuku au ng'ombe na wanabandika alama mlangoni. Ukikwama nenda Yoyogi-Uehara kwenye msikiti mkubwa wa Tokyo Camii, ule uliojengwa 1938 ukabomolewa baadaye, huu wa sasa ulifunguliwa 2000, ukishaswali waulize waumini watakuelekeza vizuri kuliko mimi. Na ndani ya stesheni ya Tokyo yenyewe, ukishapita geti la tiketi, kuna kiduka kinaitwa T's TanTan, rameni zake hazina nyama wala mayai wala maziwa, ni ufuta na mboga na pilipili. Mtu wa mwisho wa reli kula ndani ya stesheni si mbaya.

Sasa namna ya kuingia. Duka lenyewe dogo kweli, viti vinane au kumi vimepangwa kwenye kaunta, mpishi yuko hapo mbele yako na masufuria yake, mlangoni kuna pazia fupi la kitambaa. Ukipita wafanyakazi wote wanapiga kelele kwa pamoja "irasshaimase", usishtuke, ni karibu tu, na wala hutakiwi kujibu. Mi siku ya kwanza nilijibu. Tena nikasimama nikaanza kusalimia kama nimeingia kwa watu, mmoja mmoja, adabu za nyumbani si unajua, watu wakainamisha vichwa kwenye mabakuli yao. Alafu nikaenda kukaa. Mpishi ananionyesha mlangoni, mi nikajua nafukuzwa, moyo ukadunda, nikabeba mkoba wangu nikatoka mpaka nje, ndo dada mmoja akanifuata akanishika mkono akanirudisha kwenye mashine.

Ndo hiyo mashine sasa. Maduka mengi ya hivi unalipa kabla hujakaa, mlangoni kuna mashine ya tiketi ina vitufe kibao, unatumbukiza hela kwanza, ndo unabonyeza chakula, inatoka karatasi ndogo na chenji yako. Karatasi unampa mpishi, basi, umemaliza, huongei na mtu na hakuna wa kukudai tena. Watu wasiosoma Kijapani huwa wanabonyeza kile cha juu kabisa kushoto maana mara nyingi ndo chakula ambacho duka linajivunia, ila wewe kwa sababu ya buta usibonyeze kwa kubahatisha. Bei nyingi zinazunguka yeni 1,000, kuna inayopungua na kuna inayozidi. Tembea na noti za 1,000 na sarafu, mashine za zamani noti kubwa zinaitema, mi ilinitemea ya 10,000 mara tatu huku nyuma yangu foleni imefika barabarani. Alafu Julai 2024 Japani walitoa noti mpya na maduka mengi madogo mashine zao zikawa hazizitambui, kwaiyo ukiona yako imekataliwa usidhani ni bandia, jaribu nyingine.

Ukikaa, maji mara nyingi unajimiminia mwenyewe, jagi liko kaunta. Bakuli likija kula. Nasema kula, acha simu, acha stori, zile tambi zinaendelea kulainika ndani ya supu ya moto, ukichelewa dakika kumi umekula uji. Na kuna watu wamesimama nje wanasubiri kiti chako. Hapa ndo tofauti na kwa mama ntilie wetu, kwa mama ntilie unamaliza wali unaomba maji unaanza kuuliza habari za mgonjwa, kule ukimaliza unanyanyua bakuli unaliweka pale juu ya kaunta, unasema "gochisosama", ni kama kushukuru kwa chakula, unaondoka. Bakshishi hamna, ukiacha hela wanaweza kukukimbilia nje kukurudishia.

Vijiti anza leo na penseli mbili na spageti, wiki mbili utaweza. Ukishindwa sema "foku", yaani uma, wanaelewa, na kile kijiko kikubwa cha udongo kipo kwa ajili ya supu. Usivisimike tu vijiti kwenye bakuli la wali, ile ni ya msibani kwao.

Nimekuachia tamu mwisho. Kule kuna kitu kinaitwa *niboshi*. Ni vidagaa vya baharini, wanavichemsha kwanza kwenye maji ya chumvi ndo wanavikausha, hata jina lenyewe maana yake ndo hiyo, kuchemsha na kukausha, sisi wetu tunaanika wabichi. Kuna maduka ya rameni supu yao nzima inajengwa kwa niboshi, ukipita nje ile harufu, mwanangu, utadhani umeshuka Kibirizi saa nne asubuhi. Huko nako mara nyingi wanachanganya na mifupa ya nguruwe, usijisahau. Lakini niboshi hao hao wanatumika majumbani kwenye supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, kwaiyo ukialikwa kwa mtu uliza. Na madukani wanauzwa kwenye vipakiti wamepangwa kwa ukubwa, nunua kimoja urudi nacho, mama yako na kikundi wakione, maana hiyo naona ndo sababu yenyewe ya safari.

*Dada habari za kazi. Mimi nipo Tabora mjini, watoto wangu wananibishia kwamba rameni ni indomi tu imepewa jina la kizungu. Pia kijana wangu anavuta tambi kwa kelele mezani, nikimkemea ananiambia Wajapani wanafanya hivo. Ni kweli au ananichezea akili? — Baba wa wanne*

Kaka nzuri tu, pole na kesi za mezani. Indomi ni mjukuu, bibi ni rameni ya bakuli inayopikwa kwenye vile viduka. Tambi zenyewe zilitoka China, Tokyo kuna duka lilifunguliwa Asakusa 1910 likiitwa Rairaiken, wapishi wake Wachina, ndo linatajwa sana kwenye historia ya hizi rameni. Ile ya kwenye pakiti ilikuja 1958, Momofuku Ando wa Japani aligundua kwamba ukizikaanga tambi kwenye mafuta zinakauka, baadaye maji ya moto yanazirudisha, na 1971 akaleta za kikombe. Kwaiyo watoto wako wana nusu ya ukweli, wape nusu.

Kuhusu kelele, kijana hajakudanganya. Kule kuvuta tambi kwa sauti si ukosefu wa adabu, inapoza na inapandisha harufu puani. Ila Tabora si Tokyo na meza ni yako kaka, mwambie akienda Japani avute mpaka achoke.

*Shangazi, binti yangu wa kidato cha tatu anaangalia katuni za Kijapani usiku kucha, sasa anataka nimpikie rameni. Nipo Kasulu, hivo vitu navipata wapi? — Mama wa Kasulu*

Mama, vingi unavyo jikoni. Tambi za rameni zinakuwa za njano na zinavutika kwa sababu unga wa ngano unakandwa na maji yanaitwa kansui, nayo ni ndugu wa magadi haya haya tunayolainishia maharage. Kwaiyo chukua spageti nyembamba, chemsha na bekingi soda kijiko kikubwa kimoja kwa lita ya maji, zitabadilika zenyewe, alafu zichuje vizuri. Usiongeze soda, zitanuka sabuni.

Supu chukua dagaa wa Kigoma wakavu waliokauka vizuri, toa vichwa na utumbo maana ndo vinaleta uchungu, loweka kwenye maji usiku mzima, asubuhi pasha moto mdogo dakika kumi hivi, isitokote kwa nguvu, chuja. Changanya na supu ya kuku wa kienyeji. Kwenye bakuli anza na soya sosi vijiko viwili na kitunguu saumu, mimina supu, weka tambi, juu yai lililochemshwa dakika saba na majani ya kitunguu. Tambi na supu vikutane mezani, usivipike pamoja.

Mawese usiweke. Mi nilijaribu, nikasema si mafuta tu, ikatoka mchuzi wa dagaa kabisa na watoto wakauliza ugali uko wapi.