Je, kusimulia ajali mapema huponya au huumiza?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kwaya ya kanisa moja hapa Molo. Wiki iliyopita matatu iliyowabeba wenzetu 11 ilipinduka kwenye mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa, na wawili wakafariki. Mzee mmoja wa kanisa anataka Jumamosi hii tuwaketishe manusura wote pamoja, kila mmoja asimulie yote aliyoyaona, ili wasibaki nayo moyoni. Binti yangu, ambaye anasomea uuguzi, anasema jambo hilo halishauriwi tena. Lakini nimesikia kwamba ninyi wataalamu huwatibu watu wenye kiwewe kwa kuwasimulisha yaliyowapata. Tumfuate nani?

JIBU: Mwenyekiti, poleni sana kwa msiba huo. Binti yako amesema kweli, na hayo uliyoyasikia kutuhusu pia ni kweli. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni wakati, hiari ya msimulizi, na iwapo yupo mtu wa kumsindikiza hadi mwisho wa simulizi lake.

Kikao anachokipendekeza mzee wenu kina historia. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell wa Marekani alieleza utaratibu wa kuwakusanya wazima moto na wahudumu wa ambulensi baada ya tukio baya, wakalieleza hatua kwa hatua. Baadaye utaratibu huo ulihamishiwa kwa majeruhi wenyewe, mara nyingi kwa kikao kimoja tu, kwa imani kwamba jipu lisilotumbuliwa haliponi. Ulipopimwa, matokeo hayakuwa mazuri. Katika utafiti wa Wales uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu watu walioungua moto, miezi 13 baadaye asilimia 26 ya waliofanyiwa kikao walikuwa na ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe, ilhali kwa wasiofanyiwa ilikuwa asilimia 9. Ni haki niongeze kwamba hao wa kwanza walikuwa na hali mbaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti yote isihesabiwe kuwa kosa la kikao. Utafiti unaowahusu ninyi zaidi ni ule wa Oxford wa mwaka 2000, uliowafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka mitatu: waliokuwa na fadhaa kubwa mwanzoni wakafanyiwa kikao walibaki wakiteseka, huku wenzao wenye fadhaa kama hiyo ambao hawakufanyiwa wakipata nafuu. Mapitio ya tafiti za aina hiyo ya mwaka 2002 yalihitimisha kwamba kikao kimoja cha namna hii hakizuii ugonjwa, na kwamba watu wasilazimishwe kukihudhuria.

Kwa nini iwe hivyo? Katika siku za mwanzo mwili bado uko kwenye tahadhari: moyo unakwenda mbio, usingizi ni wa mang'amung'amu, na mlio wa breki za lori unatosha kumtoa mtu kitini. Ukimrudisha kwenye ajali akiwa katika hali hiyo, kisha muda ukaisha kabla hofu haijashuka, anaondoka akiwa amejifunza tena kwamba kumbukumbu ile ni hatari. Tena kuna jambo ambalo waandaaji wengi hawalifikirii. Yule aliyekaa kiti cha nyuma, ambaye hakuuona mwili wa mwenzake, atausikia ukielezwa kinaganaga na kwenda nao nyumbani. Nimewahi kumhudumia mama aliyeteswa kwa miezi na picha ya kitu ambacho macho yake hayakukiona kamwe. Alikuwa amekisikia kwenye kikao cha maombolezo.

Tiba yenyewe huja baadaye, na huja kwa mtu anayeihitaji. Wengi hawataihitaji: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu wanaopatwa na matukio ya kutisha, ni takriban asilimia 5.6 wanaopata ugonjwa huu, ingawa kiwango hutofautiana kwa aina ya tukio. Dalili zake kuu ni tatu: tukio kumrudia mtu kana kwamba linatokea sasa hivi, iwe usingizini au mchana, kukwepa kila kinacholikumbusha, na kuishi kwa tahadhari kama kwamba hatari bado ipo. Zikidumu majuma kadhaa na kumzuia mtu asifanye kazi zake, huo ni ugonjwa, na una tiba.

Ofisini kwangu mjini Nakuru nina kamba ya katani, kikapu cha mawe na maua machache. Mgonjwa huitandaza kamba sakafuni kama maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka ua penye furaha na jiwe penye balaa. Kisha, kikao baada ya kikao, tunayafikia mawe kwa zamu. Tukifika kwenye jiwe kubwa tunakwenda polepole mno: ulikuwa wapi, ulisikia harufu gani, mikono yako ilikuwa inafanya nini, na sasa hivi hapa kitini mwili wako unahisi nini. Hatuachani mpaka hofu imeshuka na simulizi limefika mahali alipookolewa. Shida ya kumbukumbu ya kiwewe ni kwamba haina tarehe, na kazi yetu ni kuirudishia tarehe na mahali pake.

Njia hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, kwa wakimbizi 43 kutoka Sudan. Mwaka mmoja baada ya vikao vinne, asilimia 29 ya waliosimulia kwa utaratibu huo ndio waliobaki na ugonjwa, ilhali kwa waliopewa ushauri wa kawaida ilikuwa asilimia 79. Karibu nasi zaidi, watoto 640 wa Bungoma na Moshi waliofiwa na mzazi walishiriki utafiti wa tiba nyingine ya kiwewe, uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa tiba walihudumiwa na washauri wasio wataalamu, waliofunzwa na kusimamiwa, kwa vikao 12 vya kikundi na vichache vya mmoja mmoja, na mwaka mmoja baadaye wale wa Bungoma walikuwa bado na nafuu kuliko wenzao ambao hawakuipata.

Kwa hiyo Jumamosi kutaneni, lakini iwe kwa chai, maombi na nyimbo, na wazikeni wenzenu kwa heshima. Anayetaka kusema asikilizwe bila kuchimbwa. Anayenyamaza aachwe anyamaze. Ulizeni nani hana wa kulala naye nyumbani, nani anadaiwa hospitalini, nani bado anaumwa. Mwombe mzee awe wa kuwatembelea nyumbani, maana moyo wake ni mwema na kazi hiyo inamfaa. Yeyote asinunuliwe tembe za usingizi dukani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za jamii ya daizepamu zisitumiwe kutibu mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Akitokea mtu anayesema afadhali angekufa yeye, au anayejidhuru, msingoje: mpelekeni siku hiyo hiyo Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ile tuliyozoea kuiita PGH. Kwa wengine, andika tarehe ya ajali kwenye daftari la kwaya, hesabu mwezi mmoja, kisha umuulize kila mmoja faraghani mambo matatu: unalalaje, umepanda matatu tena, na ukisikia lori likifunga breki hukujia nini.